Mhusika shoga kwenye filamu: mtu kamili au wa kuchekesha tu? Tunaandika script Mtwara tumekwama

KijanaWaChikongola

Habari za jioni wakuu, wakubwa zangu shikamooni.

Niko Mtwara mjini, mimi na wenzangu tuna kikundi tunatengeneza filamu fupi kwa simu tunaweka Youtube, hela hatuna ila tunajikongoja. Sasa hivi tunaandika script ya msimu wa korosho wa 2018, ule serikali ilipochukua korosho zote ikaleta wanajeshi wazibebe. Vijana wanne waliopitia jando moja utotoni wanakutana ukubwani ghalani, mmoja kuli, mmoja karani, mmoja karudi kutoka Dar kichwa chini na mmoja ana hela hakuna anaejua kazitoa wapi. Mwenzetu akaleta wazo kwamba mmoja kati ya hao wanne awe shoga, tukamwambia haya andika tuone.

Alichoandika ndo kimetugombanisha. Jamaa anaingia kajifunga kanga kiunoni, anaongea kwa pua, anabinua mdomo, anawashika mashavu wabeba magunia, watu wanacheka, anatoka. Kila akitokea ni hivyo hivyo. Mwisho anapigwa, anaugua, anatubu, anakufa. Dada anaeshika kamera akasema huyu sio mtu, hii katuni. Mwandishi akajibu ndo watazamaji wanachotaka, kaangalie bongo movi na za Kinaija. Na kweli, miaka yote nilioangalia hizo movi nimeona wa aina mbili tu, yule wa saluni wa kuchekesha na yule aliyerogwa anaemaliziwa kwa mchungaji.

Sasa kwenye flashi ya mwenzetu mwingine tukakuta Inxeba, ya Afrika Kusini, 2017. Inahusu jando la Waxhosa. Kuna jamaa anaitwa Xolani, kibarua wa kiwandani, kila mwaka anaomba ruhusa kazini anapanda mlimani kuhudumia vijana waliotahiriwa, na huko ndo anapokutana na Vija, mwenye mke na watoto, wana mambo yao ya siri ya miaka. Halafu analetwa kijana wa Johannesburg, Kwanda, mjuaji, anawagundua. Hakuna kanga wala mdomo. Kuna mwanaume anaemfunga kijana kidonda huku kichwani ana lake jingine. Tuliiangalia geto kwangu, watu waliokuwa wanacheka kwenye script yetu walinyamaza mpaka mwisho, maana kumbini wote tumepita.

Sasa naombeni msaada. Mhusika wa namna hii anaandikwaje mpaka mtu aamini? Lazima mwigizaji awe hivyo kweli? Na lazima afe? Naombeni tusigeuze uzi wa dini, misikiti na makanisa yapo kila kona, hapa naongelea kazi ya filamu tu.

RuangwaFinest

Mods fungeni huu uzi. Kusini tuna shida ya maji nyie mnaleta ushoga.

BintiMikindani

Maji yanahusianaje na script ya mtu, kila mtu na kazi yake bwana.

Mleta mada, huyo dada wa kamera mpe hongera. Na hilo swali la lazima afe lina historia ndefu kuliko unavyodhani. Kule Hollywood kulikuwa na kanuni wanaita Hays Code, ilianza kusimamiwa kwa ukali 1934, ikaja kufutwa 1968, na humo ilikatazwa wazi kuonesha mapenzi ya jinsia moja hata kwa kudokeza. Waandishi wakawa wanapitisha wahusika hao kwa mlango wa nyuma, kama mtu wa kuchekesha mwenye mikono milegevu, au kama jambazi, na jambazi lazima afe ili wakaguzi wa filamu waridhike. Kanuni ikafa ila mazoea yakabaki. Kwahiyo mwenzenu akidhani anaandika "uhalisia wa kwetu" kwa huyo jamaa wa kanga anaekufa, ajue anaandika sheria ya Wamarekani ya kabla ya vita kuu ya pili.

Kuna kipimo wanakitumia huko kinaitwa Vito Russo, jina la mwanahistoria wa filamu aliyefariki 1990, shirika la GLAAD la Marekani, linalofuatilia mashoga wanavyooneshwa kwenye filamu na habari, walikitangaza 2013. Kinauliza mambo mepesi tu: huyo mtu yupo na anajulikana ni hivyo, je ana kitu kingine chochote zaidi ya kuwa hivyo, na ukimtoa kwenye hadithi, hadithi inayumba au inaendelea kama kawaida? Mchukue wa kwenu. Mtoe. Umepoteza nini, vicheko vya dakika mbili. Kafeli hapo hapo.

Chukua sasa Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Kena anacheza mpira na wavulana, anamsaidia baba ake dukani, mama na baba wameachana na baba ana mke mwingine mwenye mimba, na baba huyo huyo anagombea uchaguzi dhidi ya baba wa Ziki. Yaani kabla Kena hajampenda Ziki ana matatizo ya kutosha filamu nzima. Ndo maana akipenda unaogopa, kwasababu unajua kitakachovunjika.

Na hapa ndo pananifurahishaga, bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwezi wa nne 2018, na Wanuri mwenyewe alisimulia kwamba walimtaka abadilishe mwisho, haukuonesha majuto. Kungekuwa na kilio na toba labda ingepita! Tatizo lao lilikuwa matumaini. Mwezi wa tisa Jaji Wilfrida Okwany akaruhusu ioneshwe siku saba tu ili itimize masharti ya kushindania Oscar, Nairobi watu wakajaa kumbi, siku saba zikaisha marufuku ikarudi. Na Oscar yenyewe Kenya wakapeleka Supa Modo, ambayo nayo nzuri sana, ya mtoto mgonjwa anaetaka kuwa shujaa, itafuteni.

MwlMstaafu_Newala

Marahaba wanangu.

Mimi niseme mapema, mambo haya siyakubali na sitayakubali, nimelelewa hivyo. Lakini nimefundisha fasihi miaka mingi na swali la kijana ni la fasihi kwahiyo nitalijibu la fasihi.

Tulikuwa tunawafundisha kidato cha tano kuna mhusika bapa na mhusika duara. Bapa habadiliki, ukimkuta ukurasa wa kwanza ndiye huyo huyo wa mwisho. Duara anabadilika kwa mazingira, ana mgogoro ndani ya nafsi. Sasa huyo mwenye kanga ni bapa tena bapa sugu, na bapa sugu hana kosa akiwa mpita njia, muuza karanga mlangoni. Lakini ninyi mmemfanya mmoja wa wanne waliolala kumbi moja! Mtu mliyelala nae kumbini, mkaimba nae, mkaogopa nae ngariba, leo ghalani mnamuona kama mgeni aliyeletwa na mbalamwezi? Wale watatu hawamjui? Hapo ndipo script yenu inaposema uongo, na uongo huo hauhusiani na ushoga hata kidogo.

La pili, kwenye hiyo ya Waxhosa. Mimi nimeiona, mjukuu alinionesha kwenye kompyuta, sikupenda na nitaeleza kwanini. Sio sababu mnayofikiri. Mambo ya jando hayatolewi nje. Wazee wa huko Afrika Kusini walipiga kelele kwa hilo hilo na wengine walichanganya mambo mawili, siri ya kumbi na mapenzi ya wanaume. Mimi siyachanganyi. Ningeona movi ya jando isiyo na shoga hata mmoja lakini inaanika mafundisho ya nyakanga, mkuu wa jando, ningechukia vile vile. Kwahiyo kwenye yenu msipige picha za kumbini hata kama mnadhani mnaigiza. Waoneshe vijana wakubwa wanaimba nusu ya wimbo halafu wananyamaza kwasababu kapita mwanamke au mtoto. Sisi wa huku tutaelewa zaidi kuliko mkionesha.

La mwigizaji awe hivyo kweli au la, hebu tazameni midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Kile kinyago cha mwili cha mwanamke mjamzito, tumbo na matiti ya mti, anavaa mwanaume siku zote na hakuna anaelalamika. Lakini wachezaji hawafanani. Kuna anaetingisha matiti watoto wacheke, basi. Na kuna yule aliyewahi kumtazama mke wake mwezi wa nane anavyojiinua mkekani, anaanza na mkono chini, anasubiri, kisha goti, kisha anashika kiuno na kukunja uso kidogo bila kutaka watu waone. Huyo akicheza kina mama wananyamaza. Mwanaume ni mwanaume chini ya mti, tofauti ni alitazama au hakutazama.

LindiVideoShow

Mwalimu umenikosha. Acha nichekeshe kidogo ila kuna point humo humo.

Mimi nilikuwa na kibanda umiza hapa Lindi, enzi za deki za mikanda na Lufufu, yule mtafsiri wa movi, mpaka zikaja DVD zilizotafsiriwa, kiingilio mia mbili, mabenchi ya minazi, joto la kufa mtu. Siku moja nimeleta mzigo wa movi za kizungu zilizotafsiriwa sijaziangalia, nikaweka moja kava lina bunduki nikajua ni ya vita, kumbe katikati kuna wanaume wawili wanapendana na wanakumbatiana kwelikweli sio kwa kusalimiana, mtafsiri nadhani na yeye alishtukizwa akasema "hawa ni ndugu mapacha walipotezana vitani sasa wameonana jamani damu nzito kuliko maji", watu kibandani wengine wakaanza kusikitika. Sasa movi inaendelea wale ndugu wanapanga chumba kimoja, kitanda kimoja, mzee mmoja akauliza kwa sauti mbona hao mapacha hawafanani hata kidogo, na mtafsiri kama kamsikia vile akasema "maisha magumu ughaibuni kodi ghali ndo maana wanabanana". Mpaka mwisho mmoja anazikwa mwingine analia kaburini na watu wangu waliondoka wakisema wazungu nao wanapendana ndugu bwana.

Nilicheka siku ile ila nikifikiria sasa hivi, watu wale walilia. Walimlilia mtu ambae kama wangeambiwa ukweli wangemzomea na kudai mia mbili yao. Na mtafsiri mwingine alikuwa kinyume chake, kila akiona mwanaume kavaa shati la maua anamuita jina baya hata kama ni mpelelezi wa polisi ana mke nyumbani. Nachosema ni kwamba watazamaji wa huku "wanataka" hiki au kile sio kweli, watazamaji wanafata unavyowashika mkono. Mwandishi wenu asisingizie wateja. Mimi nimekaa nao gizani miaka, nawajua kuliko yeye.

RuangwaFinest

Hapo kwenye mapacha nimecheka aisee. Ila msimamo wangu uko pale pale.

sipo_hapa

Nimefungua akaunti hii leo kwa ajili ya uzi huu na nitaifuta. Mimi ni mmoja wa hao mnaowaongelea, wa mikoa hii hii ya kusini, sitasema wilaya.

Sijavaa kanga maishani ila wapo wanaovaa na ni watu pia, hilo la kanga sio tusi, tusi ni kwamba mmemleta aje achekwe halafu aondoke. Hata wa kanga ana kwake. Anarudi wapi akishatoka kwenye sini yenu? Anakula nini? Sijawahi kuona kwenye movi ya Kiswahili mtu kama mimi anakula ugali. Anacheza, analia, anapigwa. Kula hapana, kudaiwa kodi hapana, kubishana mpira wa Ndanda na Namungo hapana, mama kupiga simu kuulizia hela ya salfa ya mikorosho hapana. Mimi robo tatu ya mwaka nawaza salfa na bei, mapenzi nawaza kama mtu mwingine yeyote tena labda pungufu kwasababu ya uoga.

Halafu uoga wenyewe mnaukosea. Kwenye movi uoga ni kukimbizwa na kundi la watu wana mawe. Hiyo ipo siwezi kukataa. Ila uoga wa kila siku ni mdogo mdogo. Simu naiwekaga kifudifudi mezani kila sehemu, mpaka imekuwa tabia. Yule ninaempenda nimemsevu Fundi Bomba. Sasa siku moja simu ipo kwa mama anaangalizia hela ikapigwa saa nne usiku, mama akaniletea akasema huyu fundi wako mbona anapiga usiku, bomba limepasuka wapi? Nikasema la jirani. Tangu siku hiyo mama akikosa maji ananiambia mpigie yule fundi wako. Na mimi napiga, na anakuja kweli, amejifunza kubadilisha koki. Kwa mama ni fundi mzuri anamsifia kwa watu. Mimi ndani yangu nacheka na roho inauma kwa wakati mmoja, na hicho kitu sijakiona kwenye filamu yoyote ya kwetu.

Moonlight, ile movi ya Marekani ya kijana mweusi shoga anavyokua, niliiangalia kwa simu, earphone sikio moja, jingine linasikiliza mlango. Watu wanaisifia ile ya baharini anavyofundishwa kuogelea. Mimi sehemu yangu ni ile ya mwisho mgahawani, Kevin, rafiki wa ujanani, anampikia Black, yule kijana akiwa mkubwa, wali na maharage meusi na kuku, anapanga sahani vizuri, anaileta. Mtu mzima kabisa ana misuli na meno ya dhahabu, anapikiwa. Basi. Niliirudisha mara nyingi.

Mnaweza kutumia la fundi bomba, badilisheni kidogo tu.

BintiMikindani

Ahsante sana kwa kuandika na usirudi kujibu kama sio salama.

Kijana wa Chikongola umeona? Fundi Bomba peke yake inazidi script nzima ya mwenzenu. Ni kichekesho, watu watacheka, ila wanacheka wakiwa ndani na yeye.

Nirudi kwenye la nani aigize maana Mwalimu kalijibu kwa midimu nakubaliana nae nusu. Huko nje mjadala ulivyo ni kwamba miaka mingi hao wahusika waliigizwa na watu maarufu wasio hivyo wakabeba tuzo, wakati wenyewe hawapewi kazi hata ya kupita njia. Ndo maana 2018 ilipochukua Oscar ya filamu ya kigeni ile ya Chile, Una mujer fantástica, watu walishangilia, Daniela Vega ni mwanamke aliyebadili jinsia na ndie aliyebeba filamu kama mhusika mkuu. Ukimuona anavyozuiwa kwenda kumzika mwenza wake unajua huyu hajafundishwa kukunja uso. Kwahiyo kutazama ni sawa Mwalimu, ila kama kila siku anaetazamwa haruhusiwi kucheza na yeye, hapo kuna jambo.

Lakini Moonlight yenyewe inavuruga hiyo hesabu. Barry Jenkins aliyeongoza sio shoga. Tarell Alvin McCraney alieandika kisa cha mwanzo ni shoga. Wote wawili wamekulia mtaa mmoja wa Miami, Liberty City, na wote mama zao walizama kwenye madawa. Mmoja alileta lile, wote wakaleta mtaa na mama. Nadhani ndo sababu hakuna hata sini moja pale inayonuka uongo, hata zile za watu wengine kabisa.

Ila kwenu nyie nasema tofauti na nitasema wazi: msitafute mtu wa kweli muweke uso wake Youtube. Kule kudai mwigizaji awe mwenyewe ni kudai ajira. Hapa kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika mpaka kifungo cha maisha. Ukweli wa filamu yenu usije ukalipwa na mtu mwingine. Wakenya wa Nest Collective walifanya kitu cha akili, Stories of Our Lives ya 2014, walizunguka wakikusanya masimulizi ya watu bila majina, wakatengeneza visa vitano vifupi, nyeusi na nyeupe, vikaigizwa na waigizaji. Waliotoa habari hawaonekani popote. Na bado ilipigwa marufuku Kenya, na mtayarishaji wake George Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila kibali, kesi baadae ikafutwa. Watengenezaji ndo walibeba msalaba, sio wasimulizi. Mpangilio huo naukubali.

MwlMstaafu_Newala

Binti hapo kwenye sheria umefanya vizuri kumkumbusha. Na kibali. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni Na. 4 ya 1976, ilikuwepo kabla hamjazaliwa, na Bodi ya Filamu watataka kuona mlichoandika. Msije mkasema mtandaoni hakuna mwenyewe.

Huyo wa fundi bomba, mwanangu, nimesoma. Msimamo wangu nimeshausema. Lakini huyo mama yako angekuwa mwanafunzi wangu wa insha ningempa alama za juu.

KijanaWaChikongola

Wakuu nimekosa la kusema. Nimekaa na kikundi tumesoma majibu yote kwa sauti, mwandishi wetu amenuna ila amekubali kuandika upya, kwa sharti kwamba asimsikie tena mtu akisema bapa.

Tulichokubaliana mpaka sasa. Kanga imetoka. Kufa kumetoka. Mhusika ni yule mwenye hela zisizojulikana, tumemuita Saidi, na mpaka nusu ya filamu hakuna anaejua chochote, yeye ndo anaelipia chai wenzake, mbishi wa mpira, na simu kifudifudi. Karani ndo anaemjua, tangu utotoni anajua na hawajawahi kuliongea. Fundi tumembadilisha kuwa fundi pikipiki, kwahiyo pikipiki ya Saidi inaharibika haribika sana. Hiyo Bodi tutawapelekea ikiwa tayari, wakikataa tutajua huko mbele, ila nataka ikataliwe ikiwa nzuri sio ikiwa takataka.

Sini tunayobishania ni hii. Mwezi wa kumi na mbili, jioni, mnada umeisha ghalani, wanunuzi wameondoka, wale wanne wamekaa juu ya magunia. Kuli anamtania Saidi kuhusu kuoa, wa Dar nae anachochea, Saidi anacheka, simu inaita, anaigeuza haraka kupita kiasi. Kimya. Karani anasema "kapokee, pikipiki haisubiri". Saidi anatoka nje. Kuli anauliza nini kile, karani anajibu "magunia ya leo yalikuwa mangapi?" Dada wa kamera anasema inatosha, mwandishi anataka karani aeleze kidogo, anasema watu hawataelewa. Mnasemaje?

LindiVideoShow

Wataelewa. Kama walielewa mapacha wa kupanga chumba kimoja hii itawashinda nini.

BintiMikindani

Asieleze kabisa. Hilo swali la magunia ndo upendo wenyewe wa karani, mkiongeza neno mmeua. Ila muandikieni Saidi sini moja na huyo fundi, hata dakika moja, wapo tu wanatengeneza pikipiki kweli. Msimfanye fundi awe mlio wa simu tu.

KaraniWaAmcos

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo ila hapa siwezi kuvumilia kwasababu ndo kazi yangu. Mleta mada umesema msimu wa 2018, wa wanajeshi. Sasa mnada wa mwezi wa kumi na mbili umeutoa wapi? Mwezi wa kumi wakulima waligomea bei za wanunuzi, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inachukua korosho zote kwa 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba. Desemba ile hakukuwa na mnunuzi wala mnada, kulikuwa na malori ya jeshi na watu wanasubiri kuhakikiwa walipwe. Mtazamaji wa Tandahimba akiona mnada Desemba 2018 anazima simu, hata hiyo habari ya Saidi haifikii.

Afu mnaikosa hadithi imelala hapo miguuni mwenu. Saidi ana hela haijulikani katoa wapi, si kangomba hiyo! Kanunua kwa bakuli kwa wakulima wenye njaa kabla ya msimu, kajaza magunia kwa majina ya watu, sasa uhakiki umekuja wanauliza shamba lako liko wapi, mikorosho mingapi, nani jirani yako. Jamaa anatetemeka. Wenzake wakimuona anaficha simu wanajua ni kangomba, na ni kangomba kweli, na ni hilo jingine pia. Karani anajua yote mawili na anatakiwa kusaini fomu. Akimsaliti kwa moja watachimba na la pili.

Kwahiyo lile swali la magunia mangapi liacheni ila libadilisheni, aulize "majina ya leo yalikuwa mangapi". Na gunia la korosho usimuoneshe mtu mmoja analinyanyua kama mto wa kulalia, lile kilo 80, kuli wenu aonekane anahema. Mkihitaji fomu ya zamani ya kuigizia njooni inbox, nitafuta majina.